Mifumo kusomana haitoshi: tuliyojifunza kwa kuunganisha huduma za watu wengine kwa ajili ya wauza dagaa wa Mwaloni, Mwanza

Mwanzisha uzi, Mwanza

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili, na nimeona vijana wengi wa fani hii hapa Kanda ya Ziwa wakilipitia kwa machungu yaleyale tuliyoyapitia sisi.

Sisi ni wasanidi programu watatu. Tuliombwa na kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa wanaouzia soko la Mwaloni, Kirumba, tuwatengenezee mfumo ambao mzigo unapoingia kutoka Ukerewe, Ukara au Kome unapimwa na kuandikwa, mwenye mzigo analipwa kwa simu, anapata ujumbe mfupi ulio kama risiti yake, na nahodha anaiona taarifa ya hali ya hewa ya ziwa kabla ya kugeuza chombo kurudi kisiwani. Ukiyatazama mahitaji hayo kwa utulivu, utaona kwamba karibu yote yalikwisha kufanywa na watu wengine. Malipo kwa simu yapo nchini tangu mwaka 2008, wapo watoa huduma wa kutuma ujumbe kwa wingi, ramani zipo, na taarifa za hali ya hewa zipo. Kilichokuwa chetu sisi ni daftari la mzigo tu, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta huduma zilizokwishakuwepo na kuzifunga pamoja mpaka ziwe mfumo mmoja.

Nchini kwetu imezoeleka kusema kwamba mifumo isomane, yaani mmoja uweze kupokea taarifa za mwingine. Ni neno zuri, na nafurahi kwamba hata viongozi wamelishika. Hata hivyo, mtu anaweza kuisoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja, na asielewe ameambiwa nini. Kwa uzoefu wetu, kuifanya mifumo miwili isomane ni kazi ya siku mbili au tatu. Miezi iliyobaki huishia kwenye maswali mawili: huduma hii ina maana gani inaposema jambo, na hufanya nini inaponyamaza. Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya niuanzishe uzi huu.

Naanza na kutafuta. Wazo la kujenga programu kubwa kutokana na vipande vilivyokwisha kutengenezwa ni la zamani. Mwaka 1968, katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alipendekeza kwamba vipande vya programu vitengenezwe kwa wingi na kuchaguliwa kama fundi achaguavyo vipuri. Mwaka 1973 pendekezo lake jingine, la kuunganisha programu ndogo ndogo ili linalotoka katika hii liingie katika ile, likaingizwa katika Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, na hadi leo anayefanya kazi kwenye seva analitumia kila siku.

Huduma za mtandaoni zilipoanza, watu walitaka kwenda mbali zaidi. Mwezi Septemba mwaka 2000 Ariba, IBM na Microsoft zilitangaza UDDI, daftari la wazi ambamo kila kampuni ingejiandikisha pamoja na huduma zake, na programu ya mtu mwingine ingeingia humo, ikachagua huduma inayoifaa na kujiunga nayo bila mtu kuingilia kati. Daftari lile la wazi lilifungwa Januari 2006. Sidhani kwamba lilifungwa kwa sababu wahandisi wake hawakujua kazi. Kasoro ilikuwa katika dhana yenyewe, maana kila aliyeandikwa humo alikuwa amejieleza mwenyewe, na hakuna mwenye biashara anayekabidhi fedha za wateja wake kwa mtu aliyemwona kwenye orodha tu. Hata pale Mwaloni, mnunuzi kutoka mbali hamtafuti dalali kwa kusoma vibao. Huuliza waliouza naye msimu uliopita, na hasa huuliza siku mambo yalipoharibika yule dalali alifanyaje.

Basi nasi tulitafuta hivyohivyo. Tuliwauliza wenzetu wenye mifumo ya maduka ya dawa na ya ada za shule, tukasoma maelekezo ya kila mtoa huduma kuanzia ukurasa wa makosa badala ya ukurasa wa mwanzo, na tukaomba mazingira ya majaribio kabla ya kuzungumzia bei. Mtoa huduma ambaye maelekezo yake yanaeleza kwa kirefu jinsi ya kufaulu, na kwa mstari mmoja jinsi ya kushindwa, tulimweka kando. Tuliwapigia simu pia saa 4 usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko, ili tujue kama kuna mtu anayepokea. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mizigo haifiki saa za ofisi peke yake, na aliyesimama gatini usiku na gunia zake hawezi kuambiwa asubiri hadi asubuhi.

Sasa nieleze usiku uliotufundisha. Mfumo ulikuwa na wiki ya sita tangu uanze kutumika. Karani alipima mzigo, akathibitisha, na mfumo wetu ukatuma ombi la kumlipa mwenye mzigo shilingi 640,000 kupitia mtoa huduma wa malipo tuliyekuwa tumejiunga naye. Tulikuwa tumeuagiza mfumo usubiri jibu kwa sekunde 30. Sekunde 30 zikapita kimya. Mfumo ukafanya tulichoufundisha, yaani ukahesabu kwamba ombi limeshindwa na ukalituma tena. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa limefika na fedha zilikuwa zimekwishatoka, na lililokwama njiani lilikuwa jibu lake. Mwenye mzigo akapokea malipo mara mbili. Alikuwa mzee mwaminifu, akaja mwenyewe kesho yake na simu mkononi kutuonyesha jumbe zote mbili, akarudisha ziada kabla hata hatujamaliza kuhesabu. Mimi sikulala vizuri kwa siku kadhaa, kwa sababu nilijua kwamba kosa ni letu, na kwamba wapo wengine wangapi ambao hatukuwa tumewagundua, hilo sikuweza kulijibu usiku ule.

Kosa lenyewe lilikuwa la kimantiki. Tulikuwa na majibu mawili tu kichwani, kwamba malipo yamefanyika au hayakufanyika. Anayeunganisha huduma kupitia mtandao lazima awe na la tatu, kwamba haijulikani, na hilo la tatu alitendee kama hali halisi yenye utaratibu wake. Siku hizi kila malipo yanapewa namba ya kumbukumbu ndani ya mfumo wetu, nayo inaandikwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo, kabla ombi halijatoka. Ombi likirudiwa, linarudiwa kwa namba ileile, na mtoa huduma akiiona namba aliyokwisha kuihudumia anarudisha jibu la kwanza bila kutoa fedha tena. Kimya kikitokea, hatutumi ombi jipya. Tunauliza kwanza hali ya namba ile. Na kila usiku tunachukua orodha ya miamala kutoka kwa mtoa huduma na kuilinganisha na daftari letu mstari kwa mstari. Mtoa huduma asiyepokea namba ya kumbukumbu kutoka kwako, au asiyeruhusu uulize hali ya muamala, msimkabidhi fedha za watu, hata kama bei yake ni nusu ya wenzake.

Hata itifaki ya HTTP yenyewe, yaani kanuni ambazo programu huzifuata kuzungumza kwenye wavuti, inalitambua jambo hili. Inaeleza kwamba GET (ombi la kusoma data) na PUT (ombi la kuweka data mahali pake) zinaweza kurudiwa bila athari kubadilika, lakini haitoi ahadi hiyo kwa POST (ombi la kupeleka data ishughulikiwe), na malipo mengi hupitia POST. Maelezo hayo yamo wazi kabisa, nasi tulikuwa tumeyasoma tukiwa chuoni. Kuyasoma chuoni na kuyakuta gatini ni mambo mawili.

Mchangiaji, Bukoba

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo ya kina. Nina swali kuhusu upande wa maana ulioutaja kisha ukaupita. Siku hizi huduma nyingi huambatana na faili la OpenAPI linaloeleza kila anwani, kila sehemu ya ombi na aina ya data yake. Je, faili hilo halimalizi tatizo la kuelewana?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Ndugu yangu wa Bukoba, swali lako ni la msingi, na faili hilo ni msaada mkubwa. Kazi hiyo ilitolewa hadharani mwaka 2011 kwa jina la Swagger, ikakabidhiwa mwaka 2015 kwa mradi ulio chini ya Linux Foundation, taasisi inayolea miradi ya programu huria, na leo sijiungi na huduma isiyo nayo kama nina hiari. Linakueleza umbo la data. Maana ya data halikuelezi, na nitakupa mifano miwili kutoka kwetu.

Kuna wanunuzi wanaochukua dagaa visiwani wakitumia programu yao wenyewe, na waliomba mizigo yao iingie kwetu moja kwa moja bila karani kuandika upya. Programu yao ilikuwa na sehemu iitwayo kiasi, ya aina ya namba, na yetu ilikuwa na sehemu iitwayo kiasi, ya aina ya namba. Mifumo ikasomana vizuri kabisa siku ya kwanza. Ikaleta kiasi 40, nasi tukaandika kilo 40. Wao walikuwa wamemaanisha ndoo 40 za dagaa wabichi, kwa sababu kisiwani dagaa wabichi hununuliwa kwa ndoo, wakati Mwaloni dagaa wakavu huuzwa kwa kilo na kwa gunia. Hata ndoo ile ikikauka haitoi uzito uleule kila mara, na dagaa walioanikwa kwenye chanja hawana bei moja na walioanikwa mchangani. Hakuna faili la maelezo ambalo lingetuonya, kwa sababu kila upande uliandika ukweli kwa mujibu wa desturi yake. Tulikaa nao alasiri nzima, tukakubaliana kwamba kila kiasi kiambatane na kipimo chake na hali ya mzigo, na tukaandika makubaliano hayo kwa Kiswahili cha kawaida, tukayasaini kama mkataba.

Mfano wa pili ni saa, nao nauona kuwa wetu Waswahili kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mzigo unafika saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano. Karani anaandika saa 8, kama tusemavyo sote, na programu iliyotengenezwa mbali inaelewa saa 2 asubuhi kwa hesabu yetu. Mtoa huduma wa malipo anaandika 02:00 ya Jumatano, kwa saa za Afrika Mashariki. Mtoa huduma wa ujumbe mfupi, ambaye seva zake zinafuata saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, anaandika 23:00 ya Jumanne. Na mwenye mzigo, ukimwuliza, atakwambia ni mzigo wa usiku wa Jumanne. Kwa hiyo tukio moja lilikuwa na nyakati nne na siku mbili, na ripoti ya mwisho wa mwezi ikawa haioani na hesabu ya mtu yeyote. Tulichofanya ni kuhifadhi kila wakati pamoja na tofauti yake na UTC, kumwonyesha karani saa kwa Kiswahili pamoja na neno la alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kuiweka safari ya mzigo katika sehemu yake peke yake, isikisiwe kutokana na saa ya malipo.

Wapo waliojaribu kuipa mashine uwezo wa kuielewa maana yenyewe. Mwaka 2004 ilitolewa OWL-S, lugha ya kueleza huduma kwa maana ili programu iweze kuzitafuta na kuziunganisha peke yake. Ni kazi ya kitaalamu inayostahili heshima, lakini ingehitaji watu wote wawe wamekubaliana kwanza ndoo ni nini.

Mchangiaji, Musoma

Mkuu, mimi nina mtazamo tofauti, na nausema kwa heshima. Kila huduma unayoitegemea ni mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa mtandaoni kipande cha programu, kilichoandikwa kwa lugha ya JavaScript na kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Kwa nini usijenge chako mwenyewe kila inapowezekana, hata kama utachelewa?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Ndugu wa Musoma, hofu yako naishiriki, na hesabu inakuunga mkono zaidi ya ulivyoeleza. Chukua huduma moja inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda. Katika mwezi wa siku 30, wenye saa 720, itakosekana kwa takribani saa 7. Sasa funga huduma tano za namna hiyo katika mnyororo mmoja ambamo zote lazima zijibu ndipo mzigo ukamilike, na kila moja ikianguka kwa sababu zake. Upatikanaji wa mnyororo unashuka hadi kama asilimia 95, na saa za kukosekana zinafika takribani 35 kwa mwezi. Hakuna mtoa huduma hata mmoja aliyevunja ahadi yake, na bado wewe umelala chini siku nzima na nusu.

Hata hivyo siwezi kujenga mtandao wangu wa malipo, wala si haki niwaombe wafanyabiashara wa dagaa wanigharimie jambo hilo. Jibu letu limekuwa kuukata mnyororo. Tuliuliza, kwa kila huduma, je, mzigo unaweza kuendelea bila hii? Ujumbe mfupi unaweza kusubiri kwenye foleni na kutumwa baada ya nusu saa, madhali karani amempa mtu karatasi. Ramani inaweza isionekane kabisa. Hata malipo yanaweza kuchelewa, ikiwa mwenye mzigo ameambiwa ukweli kwamba yanasubiri. Kisichoweza kusubiri ni kupima na kuandika, na hicho ndicho tulichokijenga wenyewe, kikafanya kazi kwenye kompyuta iliyopo palepale hata intaneti ikikatika.

Taarifa ya hali ya hewa ilitupa shida ya aina yake. Ukihifadhi taarifa ya mwisho na kuionyesha wakati huduma haipatikani, unaweza kumwonyesha nahodha utulivu wa jana asubuhi huku upepo wa leo umekwishaanza. Hapo kukosa taarifa ni salama kuliko kuwa nayo. Tumeweka kila taarifa na saa iliyotolewa, kwa maandishi makubwa, na ikipitwa na muda wake inaondolewa kwenye kioo na mahali pake pakaandikwa kwamba hakuna taarifa mpya. Katika hili hatukubali maelewano na mtu yeyote, kwa sababu watu wa ziwa hili wanajua gharama yake.

Kuhusu ufunguo kuwa kwa mtu mwingine, tumeweka kile tunachokiita mkalimani. Kila huduma ya nje ina kipande chake cha programu ambacho ndicho peke yake kinachojua maneno ya huduma hiyo, na kazi yake ni kuyageuza kuwa maneno yetu. Daftari la mzigo halijui jina la mtoa huduma wa ujumbe wala muundo wa majibu yake. Linajua tu kwamba ujumbe umepokelewa, umekataliwa au hali yake haijulikani. Mtoa huduma wetu wa kwanza wa ujumbe alipopandisha bei ghafla, tulimwandika mkalimani mpya kwa siku mbili, tukahama, na karani hakuona tofauti yoyote.

Mchangiaji, Magu

Naomba kuuliza kuhusu mpangilio wa hatua zenyewe. Huku kwetu Usukumani kuna ngoma yenye manju, ambaye sauti yake ndiyo inayowaambia wengine waingie lini, na kuna michezo ambayo kila mtu anamtazama mwenzake tu na kufuata. Katika mfumo wenu, je, kuna manju, au kila huduma inasikiliza tukio la mwenzake?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Swali lako limeeleza vizuri kuliko vitabu nilivyosoma. Njia zote mbili zipo katika fani hii. Njia ya manju ilipata hata lugha yake rasmi, WS-BPEL, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa na OASIS, shirika la viwango vya teknolojia, mwaka 2007, na ambayo kazi yake ni kuandika hatua za huduma mbalimbali kama shughuli moja. Njia ya pili inapendwa na wengi siku hizi kwa sababu huduma hazifungamani sana, na kuongeza mchezaji mpya hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Sisi tulianza na njia ya pili na tukaiacha kwa upande wa fedha. Mzigo mmoja ulikwama, na hapakuwa na mahali pamoja pa kuangalia ili kujua umefika hatua gani. Ilitubidi tusome kumbukumbu za vipande vinne na kuzipanga kwa saa, ambazo, kama nilivyoeleza, nazo hazikuwa zikipatana. Sasa malipo yana manju. Takwimu za bei na taarifa kwa wanunuzi hazina, kwa sababu mmoja akichelewa hakuna anayeumia.

Hapo kuna jambo jingine la kuzingatia. Shughuli inayopita katika huduma za wenyewe wengi haiwezi kufutwa kwa pamoja kama muamala wa kanzidata moja. Watafiti Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walilieleza hili mwaka 1987, wakapendekeza kwamba shughuli ndefu igawanywe katika hatua, na kila hatua iwe na tendo la kuirekebisha endapo za mbele zitashindwa. Tulipoketi kuandika matendo hayo, tuligundua kwamba hatua hazilingani. Kuandika mzigo kunafutika. Fedha zikishatoka zinarudi kwa hiari ya aliyezipokea. Na ujumbe wa kumwambia mtu kwamba amelipwa hauna tendo la kuurekebisha hata kidogo, kwa sababu akishausoma huenda amekwisha kuahidi fedha hizo kwa mwenye mafuta na kwa wachukuzi. Ndiyo maana tulipanga upya mfuatano wote, yale yanayofutika yakatangulia, fedha zikafuata, na ujumbe ukawa wa mwisho, tena baada ya hali ya malipo kuthibitishwa.

Mchangiaji, Geita

Mwanzisha uzi, namba za simu za wavuvi na majina yao mnayapeleka kwa huduma ngapi? Na sheria inasemaje?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Ahsante kwa kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamgusa anayekusanya na pia anayechakata kwa niaba ya mwingine, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Kila anayeunganisha huduma aisome kabla ya kuandika mstari wa kwanza, maana kila huduma unayoongeza ni mkono mwingine unaoshika taarifa za mtu. Kwetu, mtoa huduma wa ujumbe anapata namba ya simu na maandishi tu, bila jina. Wa hali ya hewa hapati chochote kuhusu mtu. Na wa malipo anapata kile tu ambacho malipo hayawezi kufanyika bila hicho.

Mchangiaji, Bukoba

Nirudi kidogo. Kuna mfano wowote hapa nchini wa mifumo ya wenyewe mbalimbali iliyofaulu kuelewana na si kusomana tu?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Upo, tena tunautumia kila siku bila kuufikiria. Mwaka 2014 Airtel Money, Tigo Pesa na Ezypesa ya Zantel zilianza kupokeana fedha, na M-Pesa ya Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kampuni hizo zilikuwa washindani sokoni. Kabla ya hapo mtu wa Sengerema akimtumia ndugu yake wa mtandao mwingine fedha, mpokeaji alipata namba ya siri ya kwenda kutolea kwa wakala, na fedha hazikuingia kwenye akaunti yake. Ninavyoelewa mimi, ugumu haukuwa waya. Ilibidi wakubaliane nani anabeba hasara muamala ukikwama katikati, nani anamjibu mteja anayelalamika, na hesabu kati yao zinalipwa lini. Ni maswali yaleyale tuliyoyakuta gatini, kwa kipimo kikubwa zaidi. Namba ya malipo ya serikali, ambayo wengi tunaiita kontroli namba, nayo ni mfano mzuri: taasisi nyingi, benki nyingi, mitandao mingi, na namba moja inayofuata malipo tangu ankara hadi risiti.

Mchangiaji, Magu

La mwisho kutoka kwangu. Mnajuaje kwamba haya yote mliyoyaeleza yanafanya kazi kweli, kabla ya siku ya shida kufika?

Mwanzisha uzi, Mwanza

Tunaiita shida wenyewe, kwa siku tunazochagua. Kama mnavyojua, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo Mwaloni mizigo inapungua. Katika siku hizo, kwa makubaliano na makarani, tunakata huduma moja baada ya nyingine kwa saa moja moja, na wakati mwingine tunaiacha huduma ipokee maombi lakini tunazuia majibu yake yasitufikie, kama ilivyotokea usiku ule wa shilingi 640,000. Mwezi uliopita tulizuia majibu ya malipo. Mizigo 7 ikaingia katika hali ya haijulikani, mfumo ukauliza hali ya kila namba ya kumbukumbu, ukakuta 5 zimelipwa na 2 hazikufika, ukazituma hizo 2 kwa namba zilezile. Kasoro moja ilijitokeza, nayo tunaishughulikia wiki hii: kioo cha karani kiliandika "inasubiri" kwa mizigo yote 7 bila kusema inasubiri nini, na mmoja wa wenye mizigo akadhani amekataliwa. Karani mwenyewe ndiye aliyependekeza maneno mapya, kwamba paandikwe "tumeomba malipo, tunasubiri jibu la mtandao, usiondoke bila karatasi yako."